Majina ya Namba za Bwire

Karakana ya Warigia ilikuwa Kariobangi, ghorofa ya chini, imepakana na mafundi wa masufuria, kwa hivyo waliofanya kazi humo walikuwa wamezoea kuongea kwa sauti kubwa hata wakiwa nyumbani kwao. Walifuma sweta za shule. Mkuu wa mashine alikuwa Benta, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye angeweza kukwambia sindano imevunjika akiwa amekupa mgongo, anamimina chai.

Mashine ilikuwa ya zamani, imetengenezwa Ulaya mwaka wa sabini na nane. Kigari chake kilikimbia huku na huko juu ya safu ya sindano, na ubavuni kulikuwa na sanduku la kijivu lililokuwa ubongo wake: liliamua sindano ipi iinuke, uzi wa rangi gani ushikwe, kigari kigeukie wapi. Mwaka wa 1991 sanduku hilo likaungua, na waliolitengeneza walikuwa wameacha biashara kitambo. Warigia alikuwa karibu kuiuza mashine kama vyuma chakavu alipoelekezwa kwa mzee mmoja wa Mbotela aitwaye Bwire. Huyo alikuwa fundi wa ishara za reli aliyestaafu, akajifundisha kompyuta mwenyewe kwa vitabu vya kuazima.

Bwire alichukua miezi mitano. Alichomoa kipande cha kumbukumbu kilichosalimika ndani ya sanduku, akasoma yote yaliyokuwa humo, kisha akaandika programu ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kujifanya lile sanduku. Waya zilizokuwa zikiingia kwenye sanduku zikaunganishwa kwenye kompyuta ya kawaida juu ya meza. Mashine haikujua tofauti. Ilifuma miaka mitano bila shida, na Bwire akarudi zake Mbotela.

Disemba 1996 Warigia alipata oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata, sweta za shule mbili za sekondari, na sweta za vijana wakubwa zilihitaji mashine pana zaidi. Alipata kitanda kipana cha sindano, yaani ile safu inayozishika, kutoka kwa kiwanda kilichokuwa kinafungwa. Cha zamani kilikuwa na sindano sitini na nne. Hiki kilikuwa na tisini na sita. Sasa kilichobaki kilikuwa programu kuambiwa hivyo. Warigia akamtafuta Muhonja, msichana wa miaka ishirini na saba aliyefundisha kompyuta katika chuo kidogo karibu na Makadara.

"Ni kubadilisha namba tu," Warigia alimwambia. "Sitini na nne iwe tisini na sita. Sidhani ni kazi ya wiki."

Muhonja aliifungua programu siku ya Jumatano asubuhi na moyo wake ukaruka kidogo, kwa furaha. Hakuwa ameona kitu kama kile. Wanafunzi wake waliandika barua na kupanga majina ya watu kwa alfabeti. Hapa kulikuwa na kompyuta iliyojifanya kompyuta nyingine, na ikifanikiwa sweta inatokea. Lakini kurasa zilikuwa hamsini na mbili, na katika hizo zote hakukuwa na neno moja la maelezo. Ni namba tupu. Ikija 64 fanya hivi. Peleka 7 kwa 888. Ngoja 17. Mtu angeweza kuzisoma mpaka macho yatoke maji asijue zinazungumzia nini.

Alihesabu mahali penye 64. Palikuwa arobaini na moja. Akaiambia kompyuta izibadilishe zote kwa mpigo mmoja ziwe 96, akaiwasha mashine yenye kitanda kipya, akamwita Benta.

Benta akafunga kifuniko cha plastiki cha juu ya sindano, kigari kikasogea kidogo, kikasimama. Taa nyekundu ikawaka: uzi umekatika.

"Haijakatika," Benta akasema, akitazama. "Mwalimu, uzi iko sawa kabisa."

Alikuwa akimwita mwalimu tangu asubuhi, ingawa Muhonja angeweza kuwa binti yake. Akafungua kifuniko ili aukague uzi kwa karibu, akaingiza mkono kati ya sindano, na papo hapo taa ikazimika, kengele ikalia na kigari kikaanza kwenda. Kilikwenda polepole, maana kifuniko kikiwa wazi ndivyo kilivyopangiwa, na hilo ndilo lililomwokoa. Kilishika ncha ya mkono wa sweta yake. Benta akavuta, Muhonja akang'oa plagi ukutani, na kukawa kimya isipokuwa masufuria ya jirani.

"Umeumia?"

"Sweta ndiyo imeumia." Benta alijitazama vidole, akavihesabu kwa mzaha, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. "Hii kitu haijawahi kunifanyia hivyo. Miaka yote hiyo."

Muhonja alikaa kwenye kiti kwa dakika kadhaa akiwa na plagi mkononi. Kisha akarudisha 64 zote kama zilivyokuwa, akaanza kufuata moja baada ya nyingine, na kufikia saa tisa alasiri alikuwa amejua alichofanya. Mashine ilikuwa ikiipa kompyuta habari zake kwa namba moja iliyojumlishwa: 64 maana yake uzi umekatika, 32 maana yake kifuniko kimefungwa, na nyingine hivyo hivyo. Kwa hivyo 64 ilikuwa na maana mbili. Mahali pengine ilikuwa idadi ya sindano. Mahali pengine ilikuwa kilio cha uzi. Na 96 ni 64 na 32 zikiwa pamoja. Yeye alikuwa ameiambia programu kwamba ikiona kifuniko kimefungwa, iseme uzi umekatika, na mtu akikifungua aukague, iseme kila kitu kiko sawa, twende.

Alimweleza Benta bila kuficha kitu. Benta akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa utajuaje ni ipi na ni ipi?"

"Nitazipa majina," Muhonja akasema. "Kila namba jina lake. Juu kabisa ya programu naandika mara moja: sindano zote ni 64, uzi umekatika ni 64. Halafu huko chini kote panakuwa na jina, si namba. Tukitaka kubadilisha sindano, tunabadilisha pale juu, mahali pamoja, na uzi hauguswi."

"Na nani anajua majina yao?"

Hilo ndilo lililokuwa swali.

Jumamosi asubuhi Muhonja alitoka kwake Makadara kwa miguu hadi Mbotela, na programu nzima chini ya kwapa, imechapishwa kwenye karatasi ile ndefu yenye matobo pembeni. Bwire alikuwa nje ya nyumba yake ya baraza la jiji, akifunga waya kwenye redio ya jirani. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa tai Jumamosi. Mkewe, Nalianya, alimkaribisha Muhonja ndani, akamuuliza habari za nyumbani na kwao ni wapi.

"Vihiga, Mama."

"Vihiga!" Bwire akasema kutoka mlangoni. "Watu wa haraka. Ndiyo maana umebadilisha zote mara moja."

Warigia alikuwa amempigia Bwire simu kwenye duka la pembeni. Mzee alikuwa na habari zote, na hakuwa amefurahi. Muhonja aliitandaza karatasi sakafuni, ikatoka mlangoni hadi kwenye pazia la chumba cha kulala, ikakunjwa na kurudi. Akaeleza anachotaka. Bwire alisimama juu yake kama mtu anayetazama mto aliouchimba mwenyewe.

"Hii programu inafanya kazi," akasema.

"Inafanya, Mzee. Vizuri sana."

"Basi majina ni ya nini? Mimi nilikaa na hizi namba miezi mitano. Niulize. Niulize yoyote."

Muhonja akapiga magoti, akaweka kidole. "888?"

"Huo ni mlango wa kutokea. Kila amri ya kwenda kwenye mashine inapita hapo."

"Hii 7?"

"Geuza kigari."

"Na hii 7 nyingine?"

"Hiyo ni rangi. Uzi wa saba, ingawa hatujawahi kuwa na uzi wa saba." Alichuchumaa sasa, tai ikigusa karatasi. "Hii 32 ni kifuniko. Hii 32 hapa si kifuniko, hii ni nusu ya sindano, katikati ya kitanda. Hiyo lazima ibadilike pia, ukienda tisini na sita. Hukuiona hiyo, eh?"

"Sikuiona," Muhonja alikiri.

Alifurahi kusikia hivyo, na haikumchukua muda akawa ameketi sakafuni kabisa, miguu imenyooshwa. Muhonja alikuwa na penseli za rangi: nyekundu kwa hatari, kijani kwa sindano, buluu kwa milango. Walikwenda ukurasa baada ya ukurasa. Nalianya alileta chai na nduma akaweka sinia juu ya ukurasa wa ishirini, akaambiwa aliondoe, akaliweka juu ya ukurasa wa thelathini. Saa tano ilipita, saa sita ikapita. Mzee hakukosea hata mara moja. Muhonja aliandika pembeni kwa herufi kubwa: SINDANO_ZOTE. UZI_UMEKATIKA. KIFUNIKO_KIMEFUNGWA. GEUZA_KIGARI.

"Kwa Kiswahili?" Bwire akauliza.

"Benta ndiye anayeketi mbele yake kila siku. Nataka akifungua aweze kusoma."

Mzee alilifikiria hilo, kisha akachukua penseli mkononi mwa Muhonja na kufuta kitu. "Basi hapa usiandike MLANGO_WA_KUINGIA. Andika MASHINE_INASEMA. Na huu mwingine, 888, TUNAIAMBIA_MASHINE. Mtu yeyote ataelewa." Alionekana kuridhika na nafsi yake hivi kwamba mkewe, akipita, alitabasamu.

Halafu wakafika ukurasa wa arobaini na nne. *Ngoja 17.*

"Hii?" Muhonja akauliza.

Bwire alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena.

"Kumi na saba ni... mapigo ya saa. Programu inahesabu mapigo mia moja kwa sekunde. Hapa inangoja mapigo kumi na saba."

"Inangoja nini?"

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani. Mzee alirudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele mbili, akarudi. Mkono wake ulitulia juu ya karatasi.

"Sijui," akasema hatimaye.

"Pengine sanduku la zamani..."

"Sanduku la zamani halikuwa na hiyo. Hii niliiweka mimi. Ni mkono wangu huu." Alisema hivyo taratibu, kama anamwambia daktari panapouma. "Niliiweka mimi, na sijui kwa nini. Nikifa wiki ijayo, hakuna mtu duniani anayejua hii kumi na saba ni nini."

Nalianya ndiye aliyesema, kutoka jikoni: "Si umuulize Benta? Wakati ule ulikuwa ukirudi hapa kila siku, Benta amesema hiki, Benta amekataa kile."

Jumatatu Bwire alifika Kariobangi kabla ya Muhonja. Hakuwa amekanyaga karakana ile kwa miaka mitatu. Warigia alikuwa amemletea kiti, lakini mzee alikuwa amesimama karibu na mashine, mkono mmoja juu yake, akizungumza na Benta, na Muhonja aliingia wakiwa wanacheka.

"Mwambie," Bwire akasema. "Mwambie ulivyoniambia."

"Mzee amesahau!" Benta alijipiga paja. "Mwalimu, huyu alileta kompyuta yake hapa, ikafuma vizuri, lakini kando ya sweta ikawa inalegea. Hivi, kama masikio ya mbuzi. Nikamwambia, sanduku ya zamani ilikuwa ikifika mwisho wa mstari inapumua kidogo kabla ya kurudi. Hii yako inarudi mbio mbio, uzi haijapata nafasi ya kukazika."

"Sanduku lilikuwa zito la kufikiri," Bwire akaeleza. "Kompyuta yangu ilikuwa na kasi. Ule uzito wake wa kufikiri ndio uliokuwa ukiupa mkono wa mashine unaokaza uzi muda wa kufanya kazi yake. Hakuna aliyeliandika hilo popote, kwa sababu hakuna aliyelipanga."

"Basi akaweka kumi. Nikavuta kando, nikamwambia bado. Akaweka kumi na mbili. Bado. Kumi na tano. Karibu. Kumi na saba, nikavuta, nikamwambia hapo. Hapo hapo usiguse."

"Na mimi nikaandika 17 nikaenda kula," Bwire akasema.

Muhonja aliketi mbele ya kompyuta. Vidole vyake vilikuwa na baridi ya asubuhi bado. Aliandika juu kabisa, chini ya majina mengine mia moja na kumi na tatu: PUMZI_MWISHO_WA_MSTARI, na mbele yake 17. Kisha, kwenye mstari wa chini, maelezo mafupi kwamba namba hiyo ilipatikana kwa Benta kuvuta kando ya sweta kwa mkono, mwaka wa 1991. Benta alisoma jina lake kwenye kioo mara mbili, akainama karibu, akasoma mara ya tatu.

Kabla ya kubadilisha chochote, Muhonja alifanya jambo moja alilokuwa amelipanga tangu Jumamosi. Aliijenga upya programu, ile yenye majina, sindano zikiwa bado sitini na nne, akailinganisha na ile ya zamani yenye namba tupu. Majina ni ya kusomwa na watu. Kompyuta ikishayatafsiri, yanarudi kuwa namba. Kama hakukosea popote, programu mbili zilipaswa kuwa kitu kimoja. Kompyuta ilizipitia herufi kwa herufi, dakika nzima, ikaandika jibu: hakuna tofauti.

Bwire aliinama akasoma mwenyewe.

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja, Mzee. Ni ile ile yako."

Akatikisa kichwa chake polepole, mara kadhaa, na kwa mara ya kwanza akaketi kwenye kile kiti.

Baada ya hapo Muhonja akaandika 96 mahali pamoja, mbele ya SINDANO_ZOTE. Nusu ya sindano ikajirekebisha yenyewe, maana sasa iliandikwa kuwa nusu ya hiyo. Benta akafunga kifuniko, akarudi nyuma hatua mbili zaidi ya kawaida. Kigari kikaondoka. Kikafika mwisho wa kitanda kipana, kikageuka, kikarudi. Taa nyekundu haikuwaka. Muhonja akakata uzi kwa makasi makusudi, ikawaka, na kigari kikasimama. Akafungua kifuniko, na kwa kuwa uzi ulikuwa bado umekatika, kigari kikabaki kimesimama, kama inavyotakiwa. Akarudia hivyo mara kumi. Benta alihesabu.

Walifuma kipande cha kwanza chenye upana wa mkono mzima. Benta alikitoa, akakiweka juu ya goti, akavuta kando kwa vidole viwili. Akakunja uso.

"Inalegea."

Warigia, aliyekuwa ameanza kushangilia, akanyamaza. "Tena?"

"Kitanda ni kirefu," Bwire akasema. "Uzi mwingi zaidi wa kukazwa." Akamgeukia Muhonja, lakini Muhonja alikuwa tayari amefika pale juu, kwenye jina la mwisho. Hakuna aliyelazimika kutafuta katika kurasa hamsini na mbili.

"Ishirini," akasema.

Mashine ikafuma. Benta akavuta. "Bado."

"Ishirini na moja."

"Bado kidogo."

"Ishirini na mbili."

Benta akavuta, akaachia, akavuta tena. Akafumba macho. Bwire alikuwa amesimama tena, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri treni anayojua iko njiani.

"Hapo," Benta akasema. "Hapo hapo."

Sweta za shule zote mbili zilikamilika tarehe tatu Januari, siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Warigia alimwomba Muhonja awe anakuja kila Ijumaa, na Muhonja akakubali kabla hajamaliza kuulizwa. Bwire naye akachukua nakala ya programu iliyochapishwa, akaibeba Mbotela, na Nalianya akalalamika kwamba anaisoma mezani kama gazeti na kumsomea majina kwa sauti.

Ijumaa ya kwanza, Muhonja alipofika, Benta alikuwa amevuta kiti mbele ya kompyuta. Shule moja ya msingi ya Kariobangi ilitaka mistari mitatu ya manjano shingoni badala ya miwili, na Benta alikuwa amefungua programu na kuiangalia bila kugusa.

"Sasa, Mwalimu. Nimeona hapa imeandikwa MISTARI_YA_SHINGO. Hii mbili ndiyo nibadilishe?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona ndiyo."

"Basi badilisha."

Benta akajipangusa mkono kwenye leso, akatafuta namba tatu kwenye kibodi kwa kidole kimoja, akaipata, akaibonyeza.